Udongo wa Nyuma ya Banda la Kuku

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga kikombe mara tatu: ti, ti, ti. Huyo ni mume wangu, mzee wangu, ananijulisha kuwa ameamka na yuko hai. Zamani nilikuwa najua kwa kikohozi. Alikuwa akikohoa mpaka jogoo anaona aibu kuwika. Tangu nilipokivisha chumba chetu bodi za udongo, kuta zote nne pamoja na dari, unyevu uliokuwa ukilala nasi kitandani ulihama, na kikohozi kikaufuata. Sasa kifua kimetulia, na imebidi mzee atafute chombo kingine cha kuniamshia.

Nikawasha redio, nikabandika maji ya chai, na ndipo nikasikia tangazo lililobadilisha nchi.

"Serikali, kupitia Idara ya Kuta za Ndani na Dari, inawatangazia wananchi wote kuwa huu ni Mwaka wa Ukuta Unaopumua. Baada ya utafiti wa kina na ziara sita za mafunzo nje ya nchi, wataalamu wamegundua kuwa bodi za udongo asilia hufyonza unyevu, hupoza chumba na hutuliza kelele. Kuanzia leo, bodi hizo ndizo ukuta rasmi wa ndani. Ukuta ukipumua, mwananchi hutulia. Asanteni."

Sikuwa najua kama tuna Idara ya Kuta za Ndani na Dari. Nilifurahi kuifahamu. Ni faraja kulala ukijua kuna mtu ameajiriwa kukutazamia dari.

"Umesikia, mzee? Serikali imetufikia."

"Nimesikia," akasema mzee wangu, akipuliza chai. "Serikali ikisema unafanya vizuri, hakikisha kwanza mlango umefungwa."

Mzee wangu ana maneno. Mimi siku zote huiombea serikali mema, maana kazi yake ni ngumu: kujua leo jambo ambalo watu wamelijua tangu jana, na kulitangaza bila kucheka.

Naomba nieleze kidogo, kwa kuwa wataalamu wa redioni hawakupata muda. Udongo unachimbwa, unaloweshwa siku tatu, unakanyagwa mpaka uteleze kati ya vidole vya miguu. Unachanganya majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole. Unamimina nusu kwenye fremu ya mbao iliyolazwa chini, unatandaza kipande cha gunia, unamimina nusu iliyobaki, unasawazisha kwa ubao. Halafu unaiacha bodi yako kivulini. Si juani. Udongo ukiharakishwa hupasuka, kama mtu. Ikikauka unaifunga kwa skrubu kwenye fito, unaziba maungio kwa ukanda wa gunia na udongo laini. Basi.

Nilifundishwa na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa udongo. Aliniachia sheria moja tu: udongo ukishakauka ukutani, usiunyweshe tena. Vumbi liondoe kwa ufagio mkavu. Sheria hiyo haikuwa na namba wala kifungu, nadhani ndiyo sababu haikufika Idarani.

*

Siku ya nne baada ya tangazo, Jumatatu, alikuja Mkaguzi. Alikuwa mwanamume wa makamo, amebeba faili, futi ya chuma na jasho jingi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Jambo hilo nililiweka moyoni, maana soksi zake zilikuwa na matundu mawili, na bado alivua.

"Shikamoo, Bibi. Nimetumwa kukagua kama nyumba hii ina ukuta rasmi."

"Marahaba, mwanangu. Umefika penyewe. Karibu ndani."

Alipima kuta kwa futi. Aligonga kwa kidole. Alinusa. Mwishowe akaweka shavu lake ukutani, akafumba macho.

"Mke wangu," mzee akaniita kutoka kitandani, "huyo anakagua ukuta au anauposa?"

Mkaguzi akajiweka sawa, akafungua faili. "Hii ni bodi ya udongo."

"Ndiyo."

"Asilia?"

"Udongo nimeuchimba mwenyewe, hapo nyuma ya banda la kuku."

Kalamu ikasimama. "Hapo ndipo penye tatizo, Bibi. Asilia ni ile yenye cheti cha uasilia. Hii yako haijathibitishwa kuwa ni udongo."

"Ni nini basi?"

"Kwa sasa ni kitu kinachofanana na udongo."

Niliutazama ukuta wangu. Kwa kweli ulifanana sana.

"Fomu namba tisa, kipengele cha pili," Mkaguzi akasoma. "'Nchi au taasisi ulikotoka udongo.' Sasa hapo niandike nini?"

"Andika nyuma ya banda la kuku."

"Siwezi kuandika banda la kuku kwenye fomu ya serikali, Bibi. Fomu hii inakwenda juu."

"Hata kuku huenda juu," akasema mzee wangu. "Jioni, wakitaka kulala."

Mkaguzi hakucheka, lakini bega lake moja lilicheka. Kisha ikabidi atoe amri. Bodi zote za chumba chetu zibanduliwe ndani ya siku kumi na nne, mahali pake ziwekwe zilizothibitishwa. Zilizothibitishwa zilikuwa zimefika chache tu, kutoka ng'ambo kwa meli, na zote zilikuwa zimefungwa makao makuu ya Idara ili Idara iwe mfano kwa wananchi. Wananchi wenyewe, katika kipindi cha mpito, waliruhusiwa kutumia bodi za plastiki.

"Hizo za plastiki zinapumua?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Lakini ni kwa muda tu."

"Na mzee wangu aache kupumua kwa muda tu?"

Mkaguzi alifungua faili, akatafuta kama kuna kipengele. Hakikuwepo. Alifunga faili polepole, kama mtu anayefunika chungu alichokikuta kitupu.

Nikampa chai. Jua la mchana lilikuwa linachoma nje, na ndani kwetu kulikuwa na ule ubaridi wa bodi, kama pumzi ya mtungi. Mkaguzi aliegemea ukuta aliotoka kuulaani, akalala dakika ishirini, mdomo wazi. Nilimwondolea kikombe mkononi kisimwagike.

Alipoamka akashtuka. "Nilikuwa nasikiliza ukuta," akasema.

"Umekwambia nini?"

Alivaa viatu vyake, akaibandika amri mlangoni. Niliona anapaka gundi kidogo sana, kwenye pembe tu, ili asiharibu rangi ya mlango. Kisha akaniinamia sikioni. "Bibi, kama hujaridhika, kakate rufaa kwa Mkurugenzi. Ila usiseme nimekwambia mimi."

"Niseme nani?"

"Sema umesikia redioni."

Alipokwenda, mzee wangu akabaki anazungusha kijiko kwenye kikombe kilichokwisha chai.

"Mama," akasema, "kikohozi nilikaa nacho miaka tisa. Kikirudi tutazoeana upya. Usiende kugombana na wakubwa kwa ajili ya kifua kimoja."

Miaka arobaini na saba nimelala karibu na kifua hicho. Nikamwambia siendi kugombana, naenda kusalimia.

*

Makao makuu ya Idara yalikuwa jengo zuri, lenye bendera na ngazi nyingi. Mlinzi wa getini alinipa kiti chake, naye akaendelea kulinda kwa kusimama. Nilipopumzika, akanishika mkono kunipandisha ngazi, huku akigeuka nyuma mara kwa mara kuhakikisha geti halijaondoka.

Ndani, kuta zote zilikuwa za bodi za udongo. Mungu anaona, zilikuwa nzuri. Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Lakini kwenye ujia nilimkuta Msafishaji, mwanamke wa rika la binti yangu, amekunja mikono ya gauni, ana ndoo, sabuni na brashi ngumu. Anausugua ukuta kama anasugua sufuria.

"Mwanangu," nikasema, "udongo hauoshwi."

Alinigeukia akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Bibi, unaniambia mimi? Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo. Waraka wa Usafi unasema kuta zote za ofisi za serikali zioshwe kwa maji na sabuni kila Ijumaa. Bodi hizi zimekuja, zimeukuta waraka. Ijumaa ya kwanza nimeosha, maji yametoka ya kahawia. Mkurugenzi akaiona ndoo, akashika kichwa. Akasema, 'Kumbe ukuta ulikuwa mchafu kiasi hiki!' Akaamuru tuoshe kila baada ya siku moja. Maji yakazidi ukahawia. Sasa tunaosha kila siku, asubuhi na mchana, na uchafu hauishi."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema niandike barua. Nikaandika. Barua ikarudi, imeandikwa juu yake kwamba mwandiko ni mchafu."

"Na dari?"

"Dari naipiga kwa pampu ya bustani."

"Maji machafu unamwaga wapi?"

Akanionyesha kwa brashi. Nikachungulia dirishani. Chini ya dirisha kulikuwa na kilima cha udongo laini, kimekauka juu, kuku wa jirani wanakichakura. Sehemu kubwa ya ukuta wa serikali ilikuwa imeshahamia nje.

"Zamani bodi hizi zilikuwa zinazuia sauti kabisa," akaninong'oneza Msafishaji. "Sasa ukikaa masijala unamsikia Mkurugenzi anavyofikiri. Hata hivyo hawalalamiki. Wanasema mara nyingi ni kimya."

Mkurugenzi alinipokea mwenyewe. Ni mtu mwenye mwili, sauti ya mimbari, na suti iliyokaa kama imeandikiwa sheria. Ukutani nyuma yake alikuwa ametundika mchoro wenye mstari unaopanda kama moshi.

"Unaona, Mama? Hayo ni Maendeleo ya Kuosha. Nchi hii haijawahi kuondoa uchafu mwingi kiasi hicho katika jengo moja. Haya, nikusaidie nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya ukuta wangu, baba."

"Mama, ukuta si wako. Ukuta ni wa sera. Wewe unaishi pembeni yake."

Nikamweleza habari ya mzee wangu, kifua chake, miaka tisa, na jinsi bodi zilivyomponya. Alisikiliza vizuri. Aliandika hata maneno mawili.

"Zimemponya bila kibali?"

"Hatukujua kama kupona kunataka kibali."

"Sikulaumu. Ndiyo kazi ya Idara hii, kuelimisha." Akaona midomo yangu imekauka, akanimiminia maji kutoka kwenye jagi lake, kwenye glasi yake mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Nataka kuandika kweli tupu, na hiyo ni kweli. Wakubwa nao wana wema, ila wema huo haujatengewa kifungu.

Nilipomaliza maji nikaona si vizuri kuondoka bila kumlipa kwa neno. "Baba, hizi kuta zako zinaoshwa. Zitaanguka."

Akatabasamu. "Mama, bodi hizi zina vyeti vitatu."

"Sawa, baba. Nina wasiwasi tu kama maji yamevisoma."

Wakati huohuo tone la tope lilidondoka kutoka darini, likatua katikati ya faili lake. Tukalitazama wote wawili.

"Jengo linapumua," akasema Mkurugenzi, akalifuta kwa barua ya mtu.

Kisha akapata wazo. Alhamisi hiyo Mheshimiwa Waziri angekuja kuzindua kuta. Zilikuwa zimetumika miezi miwili, lakini kitu hakiwezi kuzinduliwa kabla watu hawajakichoka. Mkurugenzi akasema rufaa yangu itajibiwa hapo hapo, mbele ya Waziri. Nije na bodi yangu moja, ili umma uone kwa macho tofauti kati ya udongo na kitu kinachofanana na udongo.

Nikamshukuru. Mzee wangu nilipomsimulia hakusema neno la mzaha. Hilo lilinitisha kuliko amri.

*

Alhamisi nilikwenda na bodi moja ya dari, nyembamba, iliyokuwa ya akiba, nimeifunga kwenye shuka. Mlinzi aliibeba ngazi zote kama anabeba mtoto aliyelala. Ikaegemezwa kwenye meza ya mbele, na kikaratasi: HAIJATHIBITISHWA.

Kwa heshima ya Waziri, ofisi ilikuwa imeoshwa tangu alfajiri, mara tatu, ya mwisho kwa maji ya moto. Kuta zilimeta. Dari ilikuwa imeota tumbo katikati, kama mtu aliyekula kwenye harusi mbili. Msafishaji alisimama mlangoni na ndoo yake, anaitazama dari na midomo inamchezacheza. Nadhani alikuwa anaomba dua.

Waziri akakaa. Mkurugenzi akasimama chini ya lile tumbo, akafungua hotuba.

"Mheshimiwa Waziri, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Idara yangu imekwenda mbele ya wahenga. Imejenga ukuta usioweza kupata ufa! Mheshimiwa, uone uimara wa ukuta huu!"

Akaupiga ngumi.

Mkono uliingia. Haukupita kwa kishindo, uliingia tu, kama kijiko kwenye uji, mpaka kwenye kiwiko. Upande wa pili ni masijala, na pale alikuwepo karani mmoja amebaki na kazi zake. Karani huyo aliona mkono wenye saa ya dhahabu na kifungo cha suti unatokeza ukutani, juu kidogo ya kabati la mafaili. Sasa karani ni mtu wa adabu. Tulimsikia wote, sauti yake ikapita kwenye ukuta kama hakuna ukuta:

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba," akajibu Mkurugenzi. Mazoea ni mazoea.

Akauvuta mkono, na ukuta ukaja nao. Dari nayo, nisiseme uongo, haikuanguka. Ilishuka. Ilishuka polepole, kwa staha, kama blanketi lililolowa, ikamfunika Mkurugenzi pamoja na hotuba yake. Hakuna aliyeumia. Waziri alipata tone moja tu, puani.

"Hii nayo iko kwenye ratiba?" Waziri akauliza.

"Ni awamu ya pili, Mheshimiwa," ikasema sauti kutoka ndani ya tope.

Nilimwendea. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikampangusa macho kwanza, halafu pua, kama nilivyowapangusa wanangu. Alitulia. Udongo nikausugua kati ya vidole. "Udongo mzuri huu, baba," nikamwambia. "Ni uleule tu kama wangu."

Waziri alikuwa ameifikia meza. Aliweka kiganja kwenye bodi yangu, ambayo ilisimama palepale, kavu, inayanywa matone ya tope yaliyoirukia na kuyamaliza.

"Hii ndiyo iliyothibitishwa?"

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Hii ni ile inayofanana na udongo."

Waziri alinitazama, akaitazama, akakumbuka ana uzinduzi mwingine mahali fulani, akaondoka. Rufaa yangu haikusomwa. Jioni redio ikatangaza kuwa jengo la Idara limefunguliwa rasmi. Ni kweli, lilikuwa wazi upande mzima.

Kabla sijatoka pale nilimwona Mkaguzi anafika na futi yake. Alivua viatu mlangoni, ingawa mlango haukuwa na ukuta wa kushikilia. Akapima kilichobaki, akaandika fomu namba tisa, akampa Mkurugenzi nakala.

"Mkuu, ofisi hii haina ukuta rasmi wa ndani. Kwa mujibu wa agizo lako, haifai kukaliwa na mtu. Uhame leo. Katika kipindi cha mpito unaruhusiwa bodi za plastiki."

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo, mkuu. Nimekuandika hapo juu, kipengele cha kwanza."

*

Siku ya kumi na nne ya ile amri, Jumatatu, kijiko kiligonga kikombe mara tatu. Kikanyamaza kidogo. Kikagonga tena mara tatu. Mzee wangu alikuwa amekaa kitandani, anaitazama dari niliyoifunga kwa mikono yangu.

"Wanakuja saa ngapi?" akauliza.

"Kunywa chai. Mimi naenda kuuliza jibu la rufaa."

"Mama."

"Eeh."

"Wasalimie."

Getini, kabla sijaonana na mtu, nilisikia kikohozi. Kilitoka kwenye stoo ya mabati iliyokuwa ya kuhifadhia majembe na mifagio, na nilikijua mara moja. Kilikuwa kile cha mzee wangu, cha zamani, chenye filimbi mwishoni. Kumbe kilipotuacha kilikwenda kutafuta kazi serikalini.

"Ni Mkurugenzi huyo," akasema Mlinzi. "Tangu Ijumaa yumo humo. Amewekewa plastiki ukutani na juu. Kukipambazuka inatoka jasho, inamdondokea. Bibi, bodi yako ninayo. Niliitoa kabla hawajaanza kuzoa tope." Akanionyesha: ilikuwa kivulini nyuma ya kibanda chake, ameifunika kwa koti lake la mvua.

Mkurugenzi alikuwa amekaa nyuma ya meza ndogo, tai imelegea, macho mekundu. Plastiki nyeupe ilimzunguka kama mtu aliye ndani ya ndoo.

"Mama," akasema, akakohoa, akashika meza. "Mama, hapa sipumui."

"Ni kwa muda tu, baba."

Naapa sikusema kwa ubaya. Lilinitoka tu, kwa kuwa ndilo nililojibiwa mimi. Aliinamisha kichwa. Tukakaa hivyo, yeye anakohoa na mimi nasikiliza, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nimekisikia kikohozi hicho miaka tisa. Hakichagui cheo, na mimi sijui kukisikiliza nikiwa nimekaa.

"Kuna bodi moja," nikasema. "Tukiifunga hapo nyuma ya kiti chako, ukaegemea, utapata nafuu. Moja si nyingi, lakini ni mwanzo."

Mkurugenzi alisimama kabla sijamaliza. Mlinzi akaileta, Msafishaji akaja na skrubu nne na bisibisi. Walipofika mlangoni wakamkuta Mkaguzi amesimama hapo, amebeba faili, ameinua mkono.

"Haiingii."

"Unasemaje?" Mkurugenzi akauliza.

"Bodi isiyo na cheti cha uasilia haiingii kwenye ofisi ya serikali. Ni agizo lako, mkuu. Limetiwa muhuri." Alisema hivyo ametazama juu kidogo ya kichwa cha mkubwa wake. Lakini lile bega lake moja, nililiona.

Mkurugenzi alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza, alinyoosha mkono. "Lete fomu."

Mkaguzi alikuwa nayo tayari. Mkurugenzi akaandika. Aina: bodi ya udongo. Asilia: ndiyo. Kisha kalamu ikasimama, palepale iliposimama kalamu ya Mkaguzi.

"Mama, udongo huu umetoka wapi?"

"Nyuma ya banda la kuku, baba."

Plastiki ikadondosha tone moja kwenye karatasi. Mkurugenzi akalipangusa kwa mkono wa suti, akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani: *Nyuma ya banda la kuku.*

"Mkuu," Mkaguzi akasema kwa upole, "fomu hii inakwenda juu."

Mkurugenzi akainua macho, akayatazama mabati. "Juu ni mimi," akasema, akagonga muhuri.

Mkaguzi aliisoma nakala mara mbili, kisha akanikabidhi kwa mikono yote miwili. "Bibi, cheti kinahusu udongo wote wa mahali hapo. Kwa hiyo ukuta wako ni rasmi, na dari yako. Ile amri ya mlangoni, ivute tu. Gundi nilipaka kidogo."

Niliikunja karatasi nikaitia kifuani.

Tuliifunga bodi, skrubu nne, Msafishaji anashika na mimi nakaza. Wakati tunafanya kazi nikamwambia Mkurugenzi ile sheria ya mama mkwe wangu, ya ufagio mkavu. Aliitafutia namba hapo hapo. Kwa kuwa Waraka wa Usafi ulikuwa umejaa, sheria ikawekwa kama kiambatisho. Mama mkwe wangu angecheka. Alikuwa hapendi kuja wa pili, hata kwenye kupakuliwa.

Mkurugenzi akakaa, akaegemea. Alifumba macho. Kikohozi kilikuja, kikasita, kikabaki mlangoni kama mgeni asiyejua kama anakaribishwa.

Nikaanza kufunga shuka langu. Mzee alikuwa ananingoja, na mimi nilikuwa na neno la kumpelekea.

"Mama," akasema Mkurugenzi, macho bado amefumba. "Zimebaki kuta tatu. Na dari."

"Udongo unaloweshwa siku tatu, baba, na kukauka ni kwa hiari yake. Haukimbizwi kwa barua."

"Nitangoja."

Nilikuwa nimefika mlangoni, Mlinzi ameshaninyooshea mkono, aliponiita tena. Sauti ile ya mimbari haikuwepo.

"Lakini utakuja? Hata kama bodi hazijakauka. Njoo tu, Mama, uje tena."